Nani Atamnyanyua Babu?

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimechaguliwa! Asubuhi ya leo, mwishoni mwa kikao, Bwana Alfonsi — mkuu wetu wa kitengo cha fiziotherapia — alilitamka jina langu mbele ya wote. Alhamisi ya tarehe kumi Julai nitawasilisha mada mbele ya madaktari wa wilaya. Kupungua kwa misuli uzeeni. Sote tunaojitolea tunafahamu maana yake: atakayeng'ara siku hiyo ndiye atakayependekezwa pindi nafasi ya ajira itakapofunguliwa.

Jofrey, mwenzangu wa kujitolea, akaninong'oneza kwamba nimepewa mada ya wazee kwa sababu ninavaa kama wao. Sketi ndefu na sweta la kola si uzee, ni adabu ya kazi.

Ninahitaji mgonjwa mmoja wa mfano, wa kumfuatilia kwa karibu. Ninaye. Babu Methusela, baba yake Baba. Tangu alipougua kichomi mwezi wa nne hajarudi kuwa yule tuliyemzoea. Kichomi kilipona, miguu haikupona. Alilala wiki nyingi — si hospitalini, bali nyumbani, kwa heshima. "Mzee apumzike." Kila aliyekuja kumjulia hali alisema hivyo, na kila aliyesema hivyo alimmegea kidogo paja lake akaondoka nalo. Sentensi hii ni nzuri. Niiweke katika utangulizi? Hapana. Bwana Alfonsi hapendi mashairi.

Ijumaa nitakwenda nyumbani.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Kitandililo, nyumbani. Asubuhi nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda, na Mama alipofungua mlango wa jikoni moshi wenyewe ulisita kutoka nje.

Nimempima Babu. Nimezungusha utepe kwenye shavu la mguu, nimempa kifaa cha kupimia nguvu ya kiganja (nimekiazima kitengoni, nimekifunga ndani ya taulo kama mtoto mchanga). Akaniambia, "Pima vizuri, mke wangu, nisije nikawa lumbesa." Tangu nilipojifunza kuongea Babu ananiita mke wake, na Bibi Rebeka ananiita mke mwenza. Ndio utani wetu. Mguu ule si lumbesa, si gunia lililojazwa kupita kipimo. Mguu wa mtu aliyesimama juu ya gogo akivuta msumeno wa watu wawili, akapasua mbao za nusu ya nyumba za kata hii! Sasa hawezi kuinuka kitini.

Ni Bibi anayemnyanyua. Nimetazama kwa jicho la kitaalamu na nimeona ni mbinu yake mwenyewe: anasimama mbele yake, anaingiza kichwa chini ya kwapa lake, Babu anamkumbatia shingo, wanahesabu pamoja kwa Kibena, wanainuka wote wawili kama mtu mmoja mwenye miguu minne. Kitandani, bafuni, chooni. Bibi peke yake. Mama yangu hawezi. Babu ni baba mkwe wake, na mkamwana hamgusi baba mkwe, sembuse kumwogesha. Mama anachemsha maji, anayaweka mlangoni mwa bafu, anakohoa ili wajue yupo, kisha anaondoka upesi bila kugeuka. Baba yupo Ludewa kwenye ofisi yake ya serikali na huja nyumbani mwisho wa mwezi.

Nilijitolea mimi. Babu akacheka. "Utani una mpaka, mke wangu. Mpaka wake ni kifungo cha shati."

Nikasema basi tuajiri kijana. Hapo akakasirika kabisa: "Ili aende kilabuni kwenye ulanzi awasimulie watu matako ya fundi mbao?" Mama, aliyekuwa anapita na ndoo, alikimbia asisikie zaidi. Bibi alicheka mpaka akashika ukuta.

Nikaandaa mpango. Kusimama na kukaa kitini, asubuhi na jioni, meza ikiwa mbele. Maharage kila siku, maziwa, na yai. Nimewaeleza kwa utulivu, kwa lugha rahisi, kwamba yai ndilo dawa ya mguu wa Babu. Bibi alisikiliza kama anayesikiliza mahubiri. Akarudia: "Yai ni dawa ya mguu." Ndivyo! Laiti wagonjwa wote wangekuwa na mlezi kama huyu.

Yeye mwenyewe namshukuru Mungu amejaa. Ndani ya masweta yake na koti lake amekuwa mviringo, anapita mlangoni kwa ubavu. Nilimpa naye kifaa akibane, kwa mzaha tu. Mshale ulisogea kidogo sana. Akasema ametoka kuosha vyombo kwa maji ya sakitu, vidole vimekufa ganzi. Nikakirudisha kwenye taulo.

Jumapili, 15 Juni 2025

Mazoezi ya kwanza, nje kwenye jua. Jirani yetu Danieli akachungulia juu ya ua, akauliza kama tunamwandaa mzee kwenda jeshini. Babu akamjibu, "Ndiyo, na nikifuzu nakuja kukukamata wewe kwanza." Kisha akajaribu kuinuka, akafika katikati, akarudi kitini. Bibi alikuwa nyuma yake amemshika mkanda.

Katikati! Jana hakufika hata hapo.

Alhamisi, 19 Juni 2025

Njombe. Chumba changu cha Mjimwema ni baridi kiasi kwamba kalamu inagoma. Nimemaliza nusu ya wasilisho. Bwana Alfonsi amepitia, amesema lina mantiki na "sauti ya kiutafiti". Sauti ya kiutafiti! Nimeirudia moyoni njia nzima.

Ameuliza nani anamhudumia mgonjwa nyumbani. Nikasema mke wake. Akasema niongeze sehemu ya mlezi, watu huisahau. Nimeongeza mstari mmoja: mlezi ni mke wa mgonjwa, mwenye afya njema na ari kubwa.

Jofrey anasema sisi wengine tunahangaika kutafuta wagonjwa, Esnath amezaliwa nao.

Jumamosi, 28 Juni 2025

AMESIMAMA. Peke yake! Mikono juu ya meza, matako hewani, magoti yakitetemeka kama ya ndama — na akasimama. Akatazama huku na huku kama mtu aliyepanda juu ya paa. "Kumbe ua wa Danieli umeoza upande ule," akasema. Alikuwa hajauona kwa kimo chake tangu mwezi wa nne.

Bibi alipiga vigelegele. Mama alipiga vigelegele jikoni bila kutoka.

Bado hawezi kupiga hatua, na chooni bado anabebwa. Lakini utepe umesogea. Nimeleta trei nzima ya mayai. Nimesisitiza kwamba Bibi naye ale, nikamenya mawili mezani, moja la Babu, moja lake. Bibi akasema amekwisha kula la kwake jikoni, hili nimpe mgonjwa. Babu akala yote mawili, akajipangusa mdomo, akasema akiendelea hivi ataanza kuwika.

Nimefurahi mno. Nimeomba nisamehewe kwa furaha hii, maana ndani yake ninaona na barua ya ajira.

Jumapili, 6 Julai 2025

Sijui nianzie wapi. Nianze na kanisani.

Leo ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Babu tulimwacha kitini na redio yake, blanketi magotini. Tulikwenda watatu — Bibi, Mama na mimi. Bibi alivaa koti lake la kijani na kilemba cheupe. Watu walimsalimu, "Kamwene, Mama Agustino, umenawiri!" Agustino ni Baba. Bibi akawa anacheka.

Safu yake ilipofika alikwenda mbele, akapiga magoti pamoja na wenzake kwenye kizuizi cha madhabahu. Walipokea. Mchungaji akawabariki, akawaambia waende kwa amani. Wenzake wakainuka. Bibi hakuinuka.

Alibaki ameinamisha kichwa. Mchungaji akasubiri. Safu inayofuata ikasimama kwenye njia, ikasubiri. Mwimbishaji akaona, akaashiria kwaya, wakarudia ubeti wa mwisho. Kisha wakarudia tena, kwa sauti ya chini zaidi, kwa kumheshimu. Mwanamke aliyeketi kando yangu akanong'ona kwamba mama huyu ana maombi. Nami nilijivuna! Nilikaa pale na viatu vyangu vya kisigino, nikafikiri: Bibi yangu anaombea mada yangu ya Alhamisi.

Kisha niliuona mkono wake. Mkono wa kulia, juu ya kizuizi. Ulikuwa unavuta. Vidole vilikaza, vikateleza, vikarudi, vikakaza. Nimeuona mkono huo kwa wagonjwa wangu kila siku ya kazi. Hakuwa anaomba. Alikuwa anajaribu kuinuka.

Kanisa zima liliimba, na yeye alikuwa anajaribu kuinuka.

Sikumbuki nilivyopita kwenye njia. Nilipiga magoti kando yake, nikapitisha mkono kiunoni, nikakaza mgongo kama tulivyofundishwa — nikajiandaa kunyanyua mtu. Nikanyanyua nguo. Nusura tuanguke wote wawili kwa jinsi alivyokuwa mwepesi. Akaniambia sikioni, "Polepole, mke mwenza. Watu watajua."

Nyumbani nilimwingiza chumbani, nikafunga komeo. Akakataa. Nikamwomba. Akakataa. Nikamwambia nitalia kwa sauti na Babu atasikia, ndipo akanyoosha mikono kama mtoto anayevuliwa.

Koti. Sweta la kijivu. Chini yake sweta la Babu. Chini yake sweta langu la sekondari, lenye nembo ya shule, ambalo nililitafuta likizo nzima ile. Blauzi. Fulana mbili.

Kisha Bibi.

Nitaandika kwa usahihi, kwa sababu usahihi ndio ninaoujua. Mkono wa juu: kidole gumba na cha kati vimekutana bila shida. Bega: mfupa, ngozi, hakuna kati. Mapaja: sehemu nene kuliko zote ni goti. Shingoni na kwenye mtulinga kuna alama za rangi ya zambarau, mpya juu ya za zamani. Hapo ndipo Babu anaponing'inia anaponyanyuliwa.

Nilimuuliza mayai alikuwa anapeleka wapi. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Si ulisema ni dawa ya mguu wa babu yako? Ulisema mbele yetu sote. Mgonjwa ni yeye. Nani anakula dawa ya mwenzake?"

Na maharage? Na maziwa?

"Dawa ni dawa," akasema. "Sasa umeona. Nivalishe, nasikia baridi."

Nilimvalisha. Sweta moja baada ya lingine, mpaka akarudi kuwa mviringo, amenawiri, Mama Agustino ambaye watu wanamsalimu. Sikuweza kufunga kifungo cha mwisho cha koti. Alikifunga mwenyewe.

Jumatatu, 7 Julai 2025 (Sabasaba)

Mzee mmoja wa kanisa alimpigia Baba simu jana ileile. Leo asubuhi Baba amepiga, Mama ameweka sauti ya juu, tumekaa sebuleni.

Baba ameuliza, Mama akamweleza yote, na mimi nikaeleza yaliyobaki. Kisha akasema atakuja Jumamosi na gari. Babu atakwenda kukaa naye Ludewa. "Mimi ni mtoto wake wa kiume. Nitamwogesha mwenyewe asubuhi kabla ya kazi, na jioni."

Mama akauliza, na Mama yetu je?

"Abaki, apumzike. Akija naye atambeba tena. Namfahamu mama yangu."

Ni kweli. Walioana kabla ya Baba kuzaliwa, na Baba ana mvi. Hawajawahi kulala nyumba mbili ila mwezi ule Babu alipokwenda kupasua mbao Makete, na Bibi bado anausimulia mwezi huo kama njaa.

Baadaye Bibi alinifuata nyuma ya jiko. Hakunitania. Aliniita kwa jina langu. "Esnath, Jumamosi baba yako atakuuliza wewe. Umwambie mimi ni mzima. Useme nilichoka siku ile, nilikuwa sijala." Nikasema, Bibi, siwezi kusema uongo katika jambo la kitaalamu. Akasema, "Tulikusomesha tukutume wapi, kama si hapa?"

Nimejaribu kumfundisha namna nyingine ya kumnyanyua, kwa mkanda mpana na kwa kukunja magoti. Namna ile inahitaji mapaja. Mapaja hana. Nimemwekea maziwa mbele, nikakaa mpaka akayanywa, nami nikijua kwamba itachukua miezi, na Jumamosi ni Jumamosi.

Nyumba yetu imegawanywa kwa mbao, mbao za Babu mwenyewe, nyembamba. Alisikia simu yote. Jioni Mama alipomtumia chai alikigeuza kikombe juu chini, akasema hana kiu.

Jumatano, 9 Julai 2025

Njombe. Ule mstari wa mlezi mwenye afya njema. Nimeufuta. Nikaandika ukweli. Nikaufuta ukweli, kwa sababu Bibi si mfano wa kuonyeshwa ukutani. Nimeacha nafasi tupu.

Alhamisi, 10 Julai 2025

Nimewasilisha.

Walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, na makoti yao meupe yote safi. Nilieleza jinsi misuli inavyoyeyuka mtu akilazwa, jinsi heshima yetu ya kuwapumzisha wazee inavyowadhoofisha, jinsi kuinuka tu kitini kunavyoweza kumrudishia mtu ua wa jirani yake. Hapo walicheka. Picha ya Babu amesimama ilipotokea, walipiga makofi.

Kisha daktari mmoja mwanamke, mpole, mwenye miwani, akauliza: na huyu mlezi, hali yake ikoje?

Nilifungua kinywa. Nikasema, "Ana upendo mwingi." Hilo ndilo jibu nililolitoa, mimi mwenye shahada. Ukumbi ukaitikia kwa vichwa, kwa kuridhika. Daktari yule hakuitikia. Aliandika kitu, akanitazama, akaniacha.

Bwana Alfonsi alinipa mkono mbele ya watu, akasema jina langu litakuwa la kwanza. Jofrey akasema, "Hongera, mtaalamu," na kwa mara ya kwanza sikusikia kejeli ndani yake. Hilo ndilo lililonivunja. Nilikwenda kusimama nyuma ya jengo, penye kamba za kuanikia mashuka, mpaka upepo ukanikausha uso.

Ijumaa, 11 Julai 2025

Nyumbani. Babu ana midomo iliyopasuka. Mama ameniambia kwa uchungu: tangu Jumatatu anakunywa funda moja la kumezea dawa, basi. Uji hataki. Mchuzi hataki. Nilibana ngozi ya mkono wake kwa vidole, ikabaki imesimama.

Nilimwambia asimame tuone. Hakufika hata katikati. Kazi yote ya Juni!

Nilimfokea. Mimi, nikamfokea Babu! Akanisubiri nimalize. Bibi alikuwa nje anaanua nguo.

"Nisipokunywa, siendi chooni," akasema. "Nisipokwenda chooni, yeye hanibebi. Hesabu ndogo hiyo, mke wangu, hata sisi wa darasa la nne tunaiweza."

Nikajaza kikombe maji.

"Nimesikia alivyobaki kwenye magoti. Mimi ndiye niliyemwacha pale. Kesho nitakwenda na Agustino. Ila yeye usimwambie nimekubali. Mwambie ni amri ya daktari. Akijua nimekubali mwenyewe atasema nimemchoka."

Nilimshikia kikombe. Akanywa maji, yote, kwa sababu nilimwahidi kwamba ombi lake nitalifikiria. Baada ya muda akahitaji kwenda. Nikasema nitampeleka mimi, nitafumba macho, nitageuka, chochote. Akatikisa kichwa. Bibi akaingia, akavua koti akalitupa kitandani, akaingiza kichwa chini ya kwapa. Nilisimama nyuma yake mikono imenyooka, nisijue nimshike nani. Walifika. Walirudi. Bibi alikaa chini mlangoni, akanitabasamia, akaweka mkono kifuani kana kwamba anatafuta kitu ndani ya sweta.

Ninajua mambo mawili. Babu akibaki, Bibi ataanguka, na nyonga ile ikivunjika haitaunga. Babu akiondoka, Bibi atakaa. Atakaa kwenye benchi la jikoni, watu watakuja kumwambia apumzike, naye kwa mara ya kwanza hatakuwa na sababu ya kuinuka. Ninajua vyote viwili vizuri kabisa. Nimevitolea mada. Na elimu yangu haina cha tatu.

Jumamosi, 12 Julai 2025

Baba amefika kabla ya adhuhuri na gari la kuazima la rafiki yake. Limefunikwa vumbi jekundu la milima ya Ludewa mpaka vioo. Nyuma ameweka godoro jipya, bado lina nailoni. Tumesali. Tumekula, Bibi amekula yai kwa sababu nilimtazama.

Kisha Baba akasogeza kiti. Nilikuwa sijawahi kumwona mdogo namna ile. Amekaa mbele ya wazazi wake mikono katikati ya magoti.

"Mimi ni mtoto wa hawa," akasema, "siwezi kuwaamulia. Esnath, mwanangu, mtaalamu ni wewe. Useme wewe, sote tutafuata."

Bibi alinitazama. Hakupepesa. Babu alitazama sakafu. Mama alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, ameshika ncha ya kilemba chake mdomoni. Kila mmoja wa wawili wale alikwishanipa uongo wa kusema, na uongo wa huyu unamuua yule.

Nikasema, "Naomba nikachukue makaratasi yangu."

Hakuna makaratasi. Nipo chumbani, nimeketi ukingoni mwa kitanda, ninaandika kwa sababu mkono unataka kushika kitu. Nimeanza sentensi ya kuwaambia mara kadhaa. "Kwa mtazamo wa kitaalamu." "Kwa kuzingatia hali zote mbili." Hazifiki mwisho.

Sasa ninamsikia Bibi upande wa pili wa mbao. Anazungumza. Nilidhani anabishana, nikaweka sikio.

Habishani. Anamfundisha.

"Agustino, sikiliza. Usianze na kichwa, atashtuka. Anza na miguu. Maji yawe vuguvugu, jaribu kwa kiwiko, mkono wa ofisi hauwezi kujua."

"Ndiyo, Mama."

"Atakwambia amekwisha takata. Muongo. Sugua mgongo. Soksi umvalishe kabla hujamfuta kichwa, miguu yake inatangulia kupoa. Usiku akiita Rebeka usimwamshe, anaota, mwambie tu nipo."

Ninamsikia Baba akipenga kamasi.

"Umesikia? Mwambie nipo."

"Ndiyo, Mama."

"Na usimvute mikono, utamng'oa bega. Unampa shingo. Si hivyo. Inama. Wewe mrefu mno — hebu toka, nikuonyeshe."

Babu anasema, Rebeka, acha. Anasema tena, acha. Mama anakohoa mlangoni, anakohoa, nyayo zake haziondoki.

Bibi na Babu wanahesabu kwa Kibena.

Kiti kimelia. Hakuna anayeniita.